Betri Ataibeba Nani?

"Ya rangi, mama! Kubwa hivi! Baba ameiona kwa macho yake!"

Mwinga alipanua mikono kuonyesha ukubwa wa tivii, nusura ampige mamake. Rispah alitua ndoo ya maji, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Tangu alfajiri alikuwa shambani, kisha kisimani. Mgongo ulikuwa ukimwaka moto.

"Tivii," alisema polepole. "Kwa umeme upi?"

Jefwa, mumewe, aliingia akicheka. Kule Diani, hoteli alimokuwa akitandika vitanda ilikuwa inafungwa, maana wageni hawaji tena. Vitu vilikuwa vikiuzwa bei ya kutupa.

"Betri ya gari itatosha," alisema. "Tukimuuza beberu wetu, tivii hiyo hapa!"

Rispah alitazama upande wa jikoni. Beberu yule alikuwa wa kununulia mabati ya jikoni. Kila mvua ikinyesha, yeye hupika huku akinyeshewa.

"Betri ikiisha moto, ataipeleka nani kuchajiwa?"

"Si wewe? Kila siku unapita kwa Kaluki ukienda kisimani."

Rispah aliinuka kwa shida, akamimina maji mtungini.

Asubuhi walikwenda wote wawili kwa Kaluki, jirani yao hapo kijijini Jego. Yeye huchaji betri za watu kwa jenereta.

"Hodi, mama Muange," Jefwa alimwita Kaluki, kisha akamweleza habari za tivii ya hoteli.

"Karibuni, shemeji. Hiyo tivii, nyuma yake pameandikwa nini?"

"Nyuma? Mimi nimeangalia mbele!"

Kaluki alicheka mpaka leso ikamdondoka. "Miaka yote hiyo hotelini, hukupangusa vumbi nyuma hata siku moja?"

Kisha akaeleza. "Nyuma pana namba. Tivii za hoteli hutaka umeme wa nguzo, volti mia mbili na arobaini. Betri ya gari ina volti kumi na mbili tu. Utahitaji kifaa cha kubadilisha umeme, nacho ni ghali. Tena tivii kubwa ya rangi huimaliza betri upesi."

"Kwa hiyo tivii ni mbaya?"

"Sijasema hivyo. Mtaona habari, watoto watajifunza mambo. Lakini ziko ndogo zisizo na rangi, zinazotumia betri moja kwa moja. Hizo hazili moto mwingi. Na usinunue kabla hujaiona ikiwaka, hata muuzaji akiapa."

Akamwonyesha Jefwa betri moja. "Ichukue hii mpaka kwako, urudi nayo. Usiilaze. Maji yake ni tindikali, yanachoma."

Jefwa aliikumbatia kifuani, akaondoka kwa mikogo. Alirudi akitweta, shati limetoboka kifuani pale betri ilipogusa. Akaiweka chini taratibu.

"Rispah, hii ungeibeba pamoja na ndoo?"

"Ningeibeba."

Jefwa akatazama chini.

Beberu akauzwa, jiko likapata mabati. Korosho zilipovunwa ndipo wakanunua tivii ndogo, baada ya kuiona ikiwaka kwa Kaluki. Betri huwekwa mahali penye hewa, mbali na watoto. Jefwa ndiye huipeleka kuchajiwa, imefungwa wima kwenye baiskeli.

Jioni ya kwanza majirani walijaa sebuleni. Mchezo wa kuigiza ulipofika patamu, Rispah alikuwa amelala kwenye jamvi, mdomo wazi. Mwinga akamfunika leso. Mama akafumbua jicho moja.

"Yule bwana amemuoa?"

"Bado, mama. Wewe lala. Yaliyobaki nitakuhadithia kesho."