Mwenye Bafu Asiyeoga

Kila alasiri Tokuji aliwasha tanuri, akapima joto la maji kwa kiwiko, kisha akafungua mlango wa nyumba yake ya kuogea. "Karibu, maji ni ya moto," alimwambia kila mteja. Watu waliingia kwenye hodhi, wakazama mpaka shingoni, wakaguna kwa raha. Tokuji aliwatazama kwa uchu.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari walimwekea pampu kifuani imsaidie, huku akisubiri moyo wa mtu aliyefariki. Waya wa pampu ulitokea tumboni, na pale ulipotokea hapakutakiwa kuzama majini. Kwa hiyo mwenye bafu alijifuta kwa taulo tu, mwaka baada ya mwaka. Aliyatamani yale maji kuliko chakula.

Siku moja mkewe, Fusae, alikwenda sokoni. Tokuji akaweka betri za pampu ukingoni mwa hodhi, akaingia majini. Alikusudia kuishia kiunoni, lakini raha ikamshinda.

Kidonda cha pale waya ulipotokea kikatunga usaha. Akalazwa na homa kali, na akiwa kitandani ukapatikana moyo wa kumfaa. Akapewa mtu mwingine.

"Baba Chie," Fusae alisema, "mimi silali, nasikiliza pampu yako isije ikazima. Wewe unakwenda kujiroweka?"

Tokuji alimgeukia muuguzi Orihara, aliyewashughulikia wanaosubiri moyo. "Si mngenipa tu?"

"Tungekuua," alisema Orihara. "Ukishapandikizwa moyo, unakunywa dawa za kupunguza kinga ili mwili usiukatae. Homa hiyo ingekumaliza."

Akamweleza taratibu. Moyo si wowote tu. Damu lazima zipatane. Aliyeutoa asiwe na umbo dogo mno kuliko lako, wala asiwe mzee sana. Safari nayo isiwe ndefu, kwani moyo hauvumilii saa nyingi nje ya mwili.

"Hayo huyawezi," alisema. "Yako ni haya: kidonda kikauke, figo zisichoke, uzito usipande, sigara usiguse."

Tangu hapo Tokuji alipunguza kachumbari za chumvi alizozipenda mno, akatembea kila asubuhi. Fusae alimsafisha kidonda kila siku. Mwaka uliofuata ukatokea moyo, lakini ulikuwa mdogo kwa mwili wake. Fusae alilia. Tokuji akamwambia, "Mama Chie, huo haukuwa wangu. Tungoje."

Wake ulikuja majira ya baridi, naye alikuwa mzima wa kuupokea. Hakuambiwa ulikuwa wa nani.

Miezi mingi baadaye, kidonda kikiwa kimefunga, daktari alimruhusu. Fusae alijaza maji mapya kabla ya wateja kufika. Tokuji akazama mpaka shingoni, akatulia. Juu ya kifua chake maji yalitikisika kidogo, tena na tena. Pampu haikuwahi kupiga hivyo. Akaweka kiganja pale, machozi yakimtoka.

"Karibu," alisema. "Maji ni ya moto."