Vidole vya Bi Povu

Bi Povu alikuwa dobi wa hospitali. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana mikono yake ilikuwa haikauki sabuni. Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya wagonjwa, na hakuwahi kuchelewa.

Mwaka wa ishirini hospitali ilifunga mlangoni mashine ya alama za vidole, ya kuhesabu mahudhurio. Bi Povu aliweka kidole, taa nyekundu ikawaka. Akaingia tu, akafua. Ikawa hivyo siku baada ya siku.

Asubuhi moja ujumbe ulifika kwenye simu yake: "Hukufika kazini siku kumi na mbili. Ajira yako imesitishwa."

Alikaa kitandani, simu mkononi. Mumewe, fundi viatu, aliweka sindano chini akaketi kando yake.

"Watu watasema nilikuwa mtoro," alisema Bi Povu.

"Mimi ndiye ninayekusindikiza kila alfajiri, mke wangu. Nani atanidanganya mimi?"

Jioni mumewe alimwita jirani yao, binti aliyekuwa karani wa mahakama. Karani alivishika vile vidole, akavigeuza kwenye mwanga.

"Mama, sabuni imekula alama zako. Mashine haikukutambua, ikahesabu hukuja."

"Sasa nibishane na mashine?"

"Hapana. Ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi. Jambo zito kama kazi yako lisiamuliwe na mashine peke yake. Una haki ya kudai mtu alitazame upya. Una haki ya kuona walichoandika juu yako, na kikiwa na kosa, kirekebishwe."

"Wakikasirika je?"

"Kudai haki si kugombana, mama. Tuandike barua, nawe ubaki na nakala."

Kesho yake Bi Povu aliipeleka hospitali. Afisa utumishi aliisoma mara mbili, kisha akamwita msimamizi wa wafuaji.

"Huyu hakuja kazini siku hizi kumi na mbili?"

"Nani kasema? Tulikunja mashuka pamoja."

Afisa aliinamisha kichwa. "Tumekukosea, mama. Niliiachia mashine kazi yangu."

Kumbukumbu zikasahihishwa, Bi Povu akarudi kazini. Mlangoni likawekwa daftari la kusaini kwa wasiosomeka vidole. Tangu hapo hafukuzwi mtu kabla ya kusikilizwa.

Siku ya kwanza, watu wanne walipanga foleni nyuma yake. Kumbe nao siku nyingine taa nyekundu iliwawakia, wakanyamaza kwa woga. Bi Povu alisaini, akampa kalamu mpishi aliyemfuata.

"Andika jina lako lote," alimwambia kwa upole. "Lisomeke."