Pete Iliyokuwa Ndani ya Damu

Ujumbe ulinaswa saa mbili na dakika kumi asubuhi, ukitoka Lusangi kwenda uwanja wa ndege wa Kasongo.

"PETE TAYARI. INATOKA LEO KWA PIKIPIKI. NDEGE ISUBIRI MPAKA SAA NANE."

Marcelline Lwamba alikuwa sokoni Kabambare, amekaa nyuma ya rundo la viatu vya mitumba, kitenge kiunoni na bastola ya Glock chini ya kitenge. Simu yake ya Thuraya ilitetemeka.

"Kituo kwa Nzige. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Dhahabu hiyo. Kamata mzigo kabla ya ndege. Kwisha."

Msemaji alikuwa Jean-Baptiste, mkuu wake, anayeendesha ujasusi akiwa Kindu chini ya feni. Kwa Jean-Baptiste, kila kitokacho Maniema ya kusini ni dhahabu. Ukimwambia mbuzi ametoroka, atakuuliza ni wa karati ngapi. Kwa ajili ya akili hiyo, Marcelline alikuwa amemaliza siku tatu akipekua magunia ya karanga na matairi ya baiskeli, akimtafutia ushahidi Profesa Brennwald, mgeni aliyekuja na kibali cha kuchunguza magonjwa ya watoto na ambaye Kituo kiliapa kuwa ni mlanguzi.

Mlanguzi alikuwa kweli. Ila hakuna aliyejua wa nini.

Aliviacha viatu pale pale, akapanda pikipiki yake ya TVS na kuikamua. Njia ya Lusangi si njia, ni matusi yaliyochimbwa na mvua. Saa nne kasoro robo aliingia kwenye ua ambamo Profesa alikuwa amepanga chumba.

Profesa hakuwapo. Viti vilikuwapo, vimepangwa duara, na wazee wa ukoo walikuwa wanaanza kuvikalia. Pembeni, karibu na jiko, mwanamke kijana alikuwa amefunga mzigo wake, na mtoto wa kike wa miaka minne ameegemea paja lake. Mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wake. Nyusi zake zilikutana juu ya pua, na viganja vilikuwa vidogo mno.

"Mama, yule muzungu ameenda wapi?" Marcelline aliuliza.

"Ameondoka na Dady wa pikipiki. Wamebeba boksi ya barafu." Jina lake Clémentine, na mtoto ni Elsa. "Juu ya nini unamutafuta? Na wewe alikuahidi dawa?"

"Alikuahidi dawa?"

"Alitoa mutoto damu mara tatu. Alikata na kinyama kidogo cha ngozi. Akasema atanipa majibu ya ugonjwa." Aliwatazama wazee. "Leo saa sita wananifukuza na mutoto. Shimo la dhahabu lilibomoka, ndugu wawili ya bwana yangu wakakufa. Wanasema Elsa ndiye aliwakula kwa ulozi."

"Bwana yako anasema nini?"

"Iko machimboni. Alituma neno: wazee waamue."

Mwanamume wa kutuma neno. Marcelline alimweka kwenye orodha ya watu asiotaka kukutana nao.

"Majibu muzungu hakunipa," Clémentine aliendelea. "Aliniambia tu mutoto iko na pete ndani ya damu. Pete yenye bei."

Marcelline alisimama tuli.

Pete.

"Nani hapa anaweza kunieleza hilo neno?"

Alikuwapo Naomie, muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuja kumtetea Clémentine na kuambiwa na wazee akae kimya kwa kuwa ni shoga yake. Alimvuta Marcelline nyuma ya jiko, akimwita yaya kama dada yake mkubwa.

"Yaya, mutu anaanza na seli moja. Inajigawa mbili, mbili inne, mpaka mutoto anatokea. Kila mara, zile nyuzi za urithi, kromozomu, zinajitengeneza pacha. Kuko proteini zinaitwa kohesini, zimejiunga kama pete. Zinashika wale pacha wasiachane mbele ya wakati. Na pete hiyo hiyo inakunja zile nyuzi, ndiyo seli inajua hapa nijenge mukono, hapa nijenge uso. Kama kazi ya pete iko na kasoro tangu tumboni, mukono unakuwa mudogo, nyusi zinakutana, mutoto anakawia kukomaa. Mutu, samaki, nzi, wote wanajengwa vile."

"Na uchawi?"

"Uchawi gani? Mimi nilimwambia muzungu nadhani ni hiyo. Akacheka, akasema nimesoma. Nikamuomba karatasi niwaonyeshe wazee. Akasema majibu bado."

"Anabeba nini kwenye barafu?"

"Seli za mutoto, zingali hai. Leo asubuhi nilimusikia kwenye simu akisema Elsa iko na kasoro wasiyoiona bado popote. Kampuni yake, Orvelis, itazikuza na kuziandikisha kuwa mali yake. Alimuwekesha Clémentine kidole kwenye karatasi ya Kifaransa."

Marcelline alikuwa tayari juu ya pikipiki.

"Nzige kwa Kituo. Pete si dhahabu. Ni proteini."

Jean-Baptiste alirudi hewani.

"Proteini? Nyama ya pori?"

Alikata simu. Kuna watu kuwaelimisha ni kumwagilia jiwe.

Aliwapata kabla ya saa tano, kwenye daraja la magogo ambalo gogo lake moja lilikuwa limezama, na watu wa baiskeli walikuwa wanarudishia jingine. Brennwald alikuwa amesimama kando ya foleni na mkoba wa ngozi kwapani, akiwapigia makofi watu wazima waharakishe, kana kwamba anafukuza kuku. Alivaa fulana ya mifuko kumi na miwani ya Ray-Ban. Dady alikuwa nyuma zaidi, na pikipiki yake imefungwa boksi jeupe la barafu.

Wanawake wenye mizigo walijaa kila upande. Mahali pa risasi hapakuwapo.

Marcelline alisimama karibu na Dady, akajifanya anakaza mnyororo.

"Kaka, umebeba samaki?"

"Dawa," Dady alisema, bila kumwangalia.

"Wao wanaiita pete."

Dady aligeuka. "Wewe umesikia wapi?"

"Lusangi nzima wanajua. Kwani yeye alikuambia nini?"

Dady aliinama karibu naye. Maneno yalikuwa yamemkaa kooni tangu asubuhi. "Alisema chunga ile pete kuliko roho yako. Alisema inapita bei ya avion inayoingoja uwanjani. Mimi nilijiuliza, mutu anaficha pete ndani ya barafu juu ya nini?"

"Ili watu waseme ni dawa," Marcelline alisema, akarudi kwenye mnyororo wake.

Hakuhitaji kuongeza. Mtoto wa nchi ya dhahabu, ukimwambia pete, hawazi seli. Dady aliinua macho kwa Profesa, akaona mgongo. Akawasha pikipiki, akaigeuza, akaingia kwenye nyasi za matete kwa kasi ya mtu aliyekwisha kuwa tajiri.

"Rudi! Mwizi!" Brennwald alipiga kelele. Watu wa foleni walimtazama, wakarudi kwenye gogo lao. Alikuwa amewapigia makofi mno.

Marcelline alimwacha Dady kitambo, kisha akamfuata kwa miguu. Hatua hamsini tu ndani, alimkuta amepiga magoti juani, boksi limepinduliwa. Alikuwa anachakura barafu kama kuku jaani. Vichupa vyote alivifungua kimoja kimoja, akavimimina, akachungulia ndani, akavitupa. Maji mekundu yalikuwa yananywewa na mchwa.

"Hakuna," Dady alisema, karibu alie. "Hakuna pete."

"Ilikuwamo," Marcelline alisema. "Umeimwaga."

Profesa alitokea kwenye matete akihema, na bastola ndogo ya Beretta mkononi. Aliangalia vichupa. Alipoinua mkono, Marcelline alikuwa amekwisha kuushika, akaukunja nyuma mpaka bastola ikaanguka kwenye barafu. Pingu zililia mara moja. Dady akaokota miguu yake akatoweka.

Ndani ya mkoba wa ngozi kulikuwa na pasi tatu za kusafiria, ile karatasi ya kidole, na bahasha ya maabara yenye jina la Elsa. Marcelline aliisoma polepole. Kohesini. Kasoro mpya, haitoki kwa baba wala kwa mama. Kisha akaitazama tarehe.

Tarehe sita, mwezi wa tano. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi.

"Ulikuwa nayo miezi mitano," alisema. "Kwa nini hukumpa mama yake?"

"Asingeelewa," Brennwald alijibu kwa Kiswahili chake cha kukariri. "Hii ni sayansi kubwa. Yeye analima mihogo."

Marcelline alimtazama mtu huyo mwenye mifuko kumi. Amewahi kukamata wauaji waliokuwa na haya kuliko huyu.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," alimwambia. "Panda."

"Kasongo?"

"Lusangi. Kuna kikao."

Walifika jua likiwa utosini. Mzee Joël, mkubwa wa ukoo, alikuwa amesimama akitamka hukumu. Clémentine alikuwa na mzigo kichwani na Elsa mgongoni. Marcelline alimsukuma Profesa katikati ya duara, akampa Naomie karatasi ya maabara.

"Huyu ndiye daktari mliyemwamini. Mwulizeni."

Mzee Joël alikohoa. "Profesa, mutoto ni mulozi ao hapana?"

Brennwald aliangalia pingu zake. "Hapana. Ni proteini. Kasoro ya bahati tu, ilianza tumboni. Hakuna mtu aliyefanya."

"Hata mama yake?"

"Hata mama yake."

Naomie aliisoma karatasi kwa sauti, kisha kwa Kibangubangu, lugha ya wazee, ili pasiwe na mzee wa kusingizia masikio. Alipofika kwenye tarehe, aliirudia mara mbili.

Clémentine alishusha mzigo. Alimkaribia Profesa mpaka akaweza kumgusa.

"Mwezi wa tano," alisema, "ndipo walinitoa ndani ya nyumba. Nililala hapa jikoni na mutoto wakati wa mvua. Wewe ulikuwa unapanga chumba kile. Kila asubuhi ulitupita ukienda kunawa uso. Ulikuwa unasema bonjour."

Profesa aligeuza uso. Sayansi kubwa ilikuwa imemwishia.

Mzee Joël alikaa, akasimama, akafanya sauti ya ukarimu. "Basi, mama Elsa, ukoo unakusamehe. Unaweza kubaki."

"Munanisamehe nini?"

Clémentine aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani, akapandisha mzigo wake tena kichwani.

"Naomie, kwako kuko nafasi?"

"Iko."

Waliondoka hivyo, wanawake wawili na mtoto mmoja, bila kuaga. Wazee walibaki na viti vyao.

Thuraya ilitetemeka.

"Kituo kwa Nzige. Mzigo umekamatwa? Kilo ngapi?"

"Mmoja," Marcelline alisema. "Kama themanini hivi, na viatu." Akamfunga Brennwald kwenye kiti cha nyuma, akawasha TVS, akaelekea Kasongo bila haraka.