Suichi Mpya ya Pijo la Merigi

Siku ya soko, barabara inayoteremka kando ya soko la Kericho haimhurumii mtu aliyekwama. Gari aina ya Pijo 504 la bluu iliyopauka lilikuwa limeegeshwa mahali pa lori la kabeji, na lori lenyewe lilikuwa limefika na lilipiga honi bila kupumzika. Ndani ya Pijo, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alikuwa akipigana na ufunguo uliokataa kuzunguka. Jasho lilimtiririka, na baridi yote ile ya Kericho.

Gesare alikuwa akipita na parachichi zake mbili mkononi. Alivaa ovaroli ya kijani, kitambaa cha manjano kichwani, na hereni kubwa za mviringo ambazo mafundi wenzake walimwambia zitakuja kunaswa na feni ya injini. Hakuwasikiliza. Mtu akishinda kutwa chini ya magari ana haki ya kupendeza anapotoka huko.

"Usilazimishe," alimwambia yule kijana. "Utavunjia hiyo funguo ndani, halafu ulie."

Akamkabidhi parachichi, akaingiza mkono dirishani, akauvuta usukani kidogo upande wake, na kwa mkono wa pili akazungusha ufunguo kwa vidole viwili. Injini ikanguruma.

"Umeifanyia nini?"

"Nimeibembeleza. Umekunja magurudumu ukayaegemeza kwa ukingo wa barabara. Uzito wote wa gari umelalia kile chuma kinachofunga stelingi. Hapo hata ukiwa na nguvu za ng'ombe, suichi ya kuwashia haifunguki."

Kijana alicheka, akasema ndivyo baba yake alivyomfundisha, kwamba ukiegesha mlimani, magurudumu yaangalie ukingo ili gari lisiteremke. Gesare akamjibu kwamba huo ni ugonjwa wa watu wa milimani. Wanaokoa gari na kuua suichi. Kisha akaondoka. Alikuwa amefika karibu na duka la mbegu alipokumbuka parachichi zake, na alipogeuka, kijana alikuwa anamfuata mbio akizishika kama mayai, huku mwenye lori akimtukana.

Jina lake lilikuwa Kiplimo. Alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai, upande wa kukausha, na nyumbani kwao ni Merigi, alikoishi na mama yake. Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Haya yote Gesare aliyajua kabla jioni haijafika, maana Kiplimo alimpigia simu mara tatu kuuliza mambo ya suichi, na mara ya tatu hakuwa na swali lolote.

Mapenzi yao yalikua haraka, tena kwa kelele za vicheko. Kiplimo alimwita Daktari. Gesare alimwita Bwana Kabeji. Jumamosi Kiplimo alikuja Kericho akanunua chai ya maziwa na mandazi, wakakaa kwenye karakana ya Ogeto, mjomba wake Gesare, Kiplimo akimtazama Gesare akipanga spana. Ogeto alijifanya hawaoni. Kuna siku Kiplimo alimuuliza Gesare kama anaweza kuishi Merigi, kwenye ukungu na matope. Gesare akasema ametoka Keroka, huko Kisii, matope anayajua tangu utotoni. Alisema kwa mzaha, lakini usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

Kisha Pijo likaanza vitimbi vibaya. Kiplimo alikuwa akishuka kona moja karibu na Kapkatet, akahisi usukani umeshika kidogo, kisha ukaachilia. Alimsimulia kama kichekesho. Gesare hakucheka. Alimwambia alete gari siku hiyohiyo, akavua kasha la nguzo ya usukani, akatoboa zile bolti zilizokatwa vichwa kiwandani ili kumshinda mwizi, akaitoa suichi nzima. Ule ulimi wa chuma unaofunga usukani ulikuwa umelika upande mmoja, na springi ya kuurudisha nyuma ilikuwa imechoka. Ungeweza kuchomoza wakati wowote gari likiwa mwendoni.

Aliwaza ile kona, na Kiplimo akiwa na usukani usiogeuka. Akatafuta suichi mpya ya aina ileile, akaifunga, akabadilisha na bushi, ile pete inayoshika nguzo kwa juu, na akampa Kiplimo ufunguo mpya unaong'aa. Kiplimo alimkumbatia, akasema hajui atamlipa vipi mtu aliyemwokoa maisha. Alienda zake Merigi akipiga honi.

Simu iliyokuja Jumapili jioni haikuwa na utani.

"Rudisha suichi ya zamani," Kiplimo alisema.

Gesare alidhani hakusikia vizuri. Ndipo Kiplimo akamweleza jambo ambalo alipaswa kumweleza mapema. Ufunguo wa kwanza wa gari, ule wa baba yake, ulikuwa kwa mama. Aliufunga kwenye pindo la leso yake tangu mazishi. Kila Jumapili baada ya kanisa aliingia garini, akauzungusha hatua ya kwanza tu, ile inayowasha redio, akasikiliza nyimbo za dini za Kikipsigis kama alivyozoea kufanya na mumewe. Leo ufunguo haukuzunguka. Alijaribu na kujaribu mpaka majirani wakaona.

"Unajua amesema nini?" Kiplimo aliuliza. "Amesema, huyo msichana hajaingia kwangu, tayari amebadilisha kufuli."

Gesare aliumia. Alimwambia hakujua, na amwambie Mama pole, lakini ile suichi hairudi. Kiplimo akasema ataendesha polepole. Gesare akasema chuma kibovu hakijali mwendo. Kiplimo akasema Gesare ana kiburi cha fundi. Gesare akajibu, "Afadhali unichukie ukiwa mzima," na akakata simu.

Siku zikapita. Daktari hakupigiwa simu, wala Bwana Kabeji. Gesare alifanya kazi vibaya, akamfungia mteja taa kichwa chini. Alijiuliza kama kweli ni kiburi. Aliona kwamba hapana, ila kulikuwa na kosa lingine, nalo lilikuwa lake. Alifungua kitu cha nyumba ya watu bila kuuliza nani mwingine anakitumia. Na mwenye kuombwa radhi hakuwa Kiplimo.

Ogeto alipomwona anapanga vifaa Jumapili, alielewa. Akamkumbusha jambo asilopaswa kusahau: kwao Keroka, na hata huko Merigi, msichana akienda peke yake nyumbani kwa mwanamume na giza likamkuta, watu hawaulizi tena. Wanasema amejileta kuolewa, na baba yake hana tena mahari ya kuzungumza na mtu. Gesare alisema atawahi kurudi. Akavaa gauni lake jeusi lenye maua mekundu, akatia ovaroli, vifaa na suichi ya zamani kwenye begi, akaenda Merigi.

Mama Kiplimo alikuwa mwembamba, mwenye sweta la kahawia na macho yasiyokwepa. Alimsalimia, akamkaribisha chai. Kiplimo alikuwa bado kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Gesare akasema lililomleta: yeye ndiye aliyebadilisha suichi, na alipaswa kumuuliza Mama kwanza. Akaomba ufunguo wa mzee.

Mama alifungua pindo la leso, akampa.

Gesare alifanyia kazi pale pale kibarazani, akiwa na suichi mpya aliyoifungua garini na ile ya zamani aliyokuja nayo mapajani. Alitoa vile vibati vidogo vya shaba vinavyosoma meno ya ufunguo, akavihamisha kimoja kimoja, akavipiga tupa taratibu mpaka vikakubaliana na meno yaliyolika ya ufunguo wa mzee. Mama alisogeza kiti karibu. Akauliza suichi ile iliharibikia wapi. Gesare akamwonyesha ulimi wa chuma, akasema ni ile tabia ya kukunja magurudumu kwa ukingo kila siku.

"Ilikuwa mara moja tu mzee hakukunja," Mama alisema. "Hii gari ikashuka na mimi ndani, na mimba ya Kiplimo. Ikaenda mpaka kwa majani chai ya jirani. Alikimbia nyuma yake akilia kama mtoto. Kutoka hiyo siku, hata mahali tambarare, alikuwa anakunja tu."

Gesare aliutazama ule upande uliolika. Hiki ndicho alichokiita ugonjwa wa watu wa milimani. Machozi yakamtoka, akaona aibu, akaendelea kupiga tupa.

Kiplimo aliporudi aliwakuta wote wawili wamekaa kwenye viti vya mbele vya Pijo, redio ikiimba. Alisimama kwenye mlango wa gari, akasema kosa lilikuwa lake, alinyamazia jambo la Mama halafu akamtupia Gesare lawama. Gesare alitaka kumjibu, lakini Mama alitangulia.

"Jua linaenda," alimwambia Gesare. "Ondoka."

Gesare alikusanya tupa na bisibisi bila kuinua uso, akaona kazi yote imekuwa bure. Mama akamshika mkono.

"Sikufukuzi. Giza likikukuta hapa, watasema msichana wa Kisii alijileta. Mimi sitaki mke wa mtoto wangu asemwe hivyo. Kiplimo atakupeleka saa hii hii, ukalale kwenu. Halafu mimi mwenyewe nitakuja Keroka kuongea na baba yako, na nitakuja na hii gari."

Kiplimo aliendesha hadi Sotik, mkono wa Gesare ukiwa juu ya goti lake. Hapo Gesare akatoa simu, akampigia mama yake kule Keroka, akamwambia atayarishe nyumba, kuna wageni watakuja. Mama yake akauliza ni wageni gani hao.

"Ni watu wangu, Mama," Gesare alisema.