Mifupa Iliyopiga Magoti

Ilianza na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na katika karakana ya fundi wa fremu hapakuwa na mshumaa hata wa dawa.

Fundi hakujali. Mezani alikuwa na mchoro ulioletwa na bibi mmoja mtabibu: mifupa ya mtu imepiga magoti, tasbihi mkononi, fuvu limeinama kwa unyenyekevu. Ukingoni, pande zote nne, ziliandikwa dua kwa herufi ndogo kama sisimizi.

"Hata kifo kinamcha Mungu," alimwambia mkewe, akicheka.

Kisha akafanya alivyozoea. Kwake fremu ikiwa ndogo, karatasi ndiyo hupunguzwa. Akaukata ukingo wote, akautia jikoni pamoja na takataka nyingine, ukaungua.

Mchana huo huo binti yao, waliyemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alinyamaza katikati ya wimbo. Wakamlaza chumbani.

"Ana homa?" fundi aliuliza.

"Hana. Wa baridi, baba watoto. Baridi kabisa," mkewe alinong'ona.

Bibi alipokuja kuchukua mchoro, alikitazama kioo cha fremu pande zote nne.

"Ukingo uko wapi, mwanangu?"

"Niliukata, bibi. Nimeuchoma."

Bibi akaketi sakafuni. Yule wa mchoroni hakuwa anasali. Ni jini. Zile dua ndizo zilizompigisha magoti."

"Basi ziandike tena!"

"Kwa macho gani? Siku hizi hata sindano siioni."

Fundi alitaka kusali, lakini neno la kwanza halikutoka, na hapo akasikia tasbihi ikigonga ndani ya ukuta, tk, tk, ikihama polepole kuelekea chumbani, harufu ya mshumaa ikiifuata, macho yake yakarudi kwenye mchoro, na pale ilipokuwa mifupa sasa alikuwa amepiga magoti binti yake, mdomo wazi, akiita bila sauti nyuma ya kioo ambacho fundi mwenyewe alikuwa amekigongomea misumari.

"Mama!" Sauti ya Kasuku ilitoka chumbani, changamfu kama zamani. "Njoo unibebe!"

"Amepona!" Mkewe aliangua kilio cha furaha, akakimbilia mlango.

Fundi alifungua mdomo amzuie. Sauti haikutoka.