Nilimzika Mzee Mkumbo Kabla Hajafa

Nina miaka thelathini na minne, sina mume, na ninaishi Shelui nikipiga video za harusi na vipaimara. Ndugu wasomaji, nayaandika haya kwa sababu nikiendelea kuyanyamazia yatanimaliza.

Ndoto yangu ilikuwa kutengeneza filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu. Si wa Ulaya! Wa kwetu hapa, kijana wa gereji anayezuia kwa mikono malori yaliyokatika breki kwenye mlima wa Sekenke. Filamu ilieleza alivyozipata nguvu hizo: fundi mzee aliyemlea anamshika mkono wakati anakata roho, na nguvu zinahamia kwake.

Huyo fundi nilimtaka Mzee Mkumbo, si mwingine. Nani hakumjua? Michezo ya redio, kisha runinga, nchi nzima ilimshangilia! Lakini alikuwa amerudi kijijini kulima alizeti, na watu wa filamu walishamsahau. Nilipompa shikamoo na kumweleza shida yangu, machozi yalimlenga. Akaniambia amecheza walevi na wachawi maisha yake yote, hajawahi kumlea shujaa.

Alikuwa na sharti moja tu.

"Binti yangu, kufa nitakufa vizuri. Ila hilo jeneza la filamu asilione mtu wa nje mpaka nimweleze dada yangu Rebeka mwenyewe, ana kwa ana. Ana ugonjwa wa moyo yule, na tumebaki wawili tu."

Nikaapa. Jamani, niliapa!

Siku ya kupiga sehemu ya mazishi, alicheza mpaka mpiga kamera wangu akalia. Nikapagawa. Nilitaka dunia nzima ijue nimempata nani! Mzee akiwa anakula chakula cha mchana, uso bado una unga wa kumfanya aonekane maiti, nikarusha WhatsApp picha yake akiwa ndani ya jeneza. Nikaandika: "Kwaheri Mzee Mkumbo. Umetuachia shujaa." Kwa nini sikuandika jina la yule fundi wa kwenye filamu? Kwa sababu nilijua jina la Mzee ndilo litakalovuta watu.

Picha ikaingia kwenye kundi la ukoo wao. Kule Misigiri, nyumbani kwa dada yake, vilio vikaanza, na mjukuu akamwonyesha Bibi Rebeka simu. Wanasema aliomba maji... kikombe hakikumfikia.

Mzee alipigiwa simu kijiko kikiwa bado mkononi. Aliondoka hivyo hivyo, na unga usoni. Waombolezaji waliokuja kumlilia yeye walimkuta hai, akimlilia dada yake. Wengine walikimbia! Mimi nilipiga magoti mbele yake, nikingoja anilaani. Laiti angenilaani...

"Ulinipa sehemu nzuri, binti yangu," alisema. "Sasa nitamwonyesha nani?"

Hakusimama tena mbele ya kamera. Alizeti yake ililiwa na ndege, yeye amekaa tu uani. Mwaka huu, mvua zilipokatika, akafariki kweli. Mwanawe alipotuma taarifa, watu walijibu kwa vicheko! Mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo sehemu ya pili. Hata wachimba kaburi walichelewa wakidhani wanataniwa. Tulimzika tukiwa hatufiki hata ishirini... Mtu aliyeliza na kuchekesha nchi nzima!

Nitamwomba nani msamaha, na wote wawili wako udongoni? Mwanawe hanijibu salamu, na simlaumu. Ile picha niliifuta siku ile ile, lakini hadi leo inazunguka kwenye simu za watu.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana wa kamera, nawasihi: mtu mzima akikupa sharti, lishike hata kama unaliona dogo. Msitangaze kifo cha aliye hai, hata kwa nia nzuri. Mimi nia yangu ilikuwa nzuri, na haikumsaidia mtu yeyote.

Bado wapo wanaoniuliza filamu yangu itatoka lini. Nawaambia ilishatoka, siku ile mchana, na Bibi Rebeka ndiye aliyeitazama wa kwanza.