Lilikuwa Tayari Tangu Jumatatu

Duka la vipuri lilijaa siku ile, watu wamebanana kwenye kaunta, kila mmoja na chuma chake chenye grisi. Katikati yao alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, nyuzi nyeupe zimemganda mabegani, amekumbatia kompresa ya kiyoyozi. Alikuwa mshonaji, na gauni lile alilishona mwenyewe. Nyuma yake alisimama kijana mrefu wa ovaroli ya bluu, fundi wa viyoyozi vya magari, mtu asiyeweza kuona chuma kikienda pasipo pake akanyamaza.

"Samahani, dada. Hiyo unaifungia gari gani?"

"Lori dogo la baba. La zamani sana."

"Injini yake ni ileile?"

Dada akacheka. Injini ile ilikufa miaka mingi iliyopita, baba yake akaing'oa na kupachika ya basi dogo kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi irudishe," fundi akasema. "Haitapata pa kushika. Utaikumbatia hivyo hivyo mpaka uzeeke."

"Kumbe wewe unajua ya kukumbatia?"

Kaunta nzima ikaangua kicheko, fundi akaona haya. Ndivyo walivyofahamiana.

Baba mtu alikuwa dereva mstaafu, mapafu yamechoka. Daktari alimkataza vumbi na joto. Akisafiri, vioo vifungwe. Naye alitaka jambo moja tu kabla hajafumba macho, kwenda kumwona dada yake mkubwa, mwendo wa saa tano, ndani ya lori lake. Alipotajiwa teksi aligeukia ukutani.

Lori likaletwa gereji kwa fundi. Alikata bamba la chuma, akachomelea breketi, akaishikiza kompresa nyingine ubavuni mwa ile injini ya kupachika. Mara ya kwanza puli, vile vigurudumu vya mkanda, zilipishana kwa unene wa kucha, mkanda ukalika kwa siku moja. Akabomoa, akaanza upya. Kila alasiri mshonaji alifunga duka lake mapema, akaja kukaa juu ya tairi pale gereji. Alimwambia ovaroli yake imeshonwa na mtu aliyefumba macho, kisha akaushona upya mfuko wake wa kifuani, fundi akiwa bado ameivaa.

"Tulia, nitakuchoma."

"Nichome tu, fundi mwenzangu. Usimalize haraka."

Simu zikaanza. Umekula? Umelala? Mbona kimya? Kijana aliyezoea kuongea na mabomba akajikuta anasema "mpenzi" bila kuona haya.

Jumatatu asubuhi kiyoyozi kilikubali. Fundi alikaa ndani ya lori, vioo vimefungwa, mikono imemsisimka kwa baridi. Hapo alitakiwa kupiga simu moja. Badala yake akawaza kwamba lori likitoka, na mshonaji atatoka nalo. Hapo ndipo alipokosea, na mimi sitamtetea.

"Mkanda bado unalia," alimwambia kwenye simu. "Nipe siku mbili."

Jumatano akaomba mbili nyingine. Kila jioni mzee alimuuliza binti yake fundi anasemaje, na kila jioni akajibiwa kwamba bado kidogo. Ijumaa alfajiri pumzi zilimwishia mzee, shati lake la safari limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi.

Wiki moja baada ya mazishi mshonaji alikuja gereji amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba. Fundi alimpa funguo. Angeweza kunyamaza, na dunia isingejua. Hakuweza.

"Lilikuwa tayari tangu Jumatatu," alisema. "Nilitaka uendelee kuja."

Akangoja kofi. Halikuja.

"Najua."

"Unajua?"

"Jumanne ulikwenda kunawa mikono. Nikapanda, nikawasha. Upepo ukanipiga usoni, baridi safi kabisa. Nikazima kabla hujarudi. Halafu nikakaa kwenye tairi nikakusikiliza ukinidanganya. Nilifurahi. Nikaenda nyumbani nikamwambia baba fundi anasema bado."

Fundi alitaka kumshika, akaishia kuipangusa mikono yake kwenye ovaroli. Akamwambia alikusudia kumwoa, kwamba alikuwa akisubiri mzee arudi salama ndipo aende kujieleza mbele yake.

"Na mimi ningekubali," mshonaji alisema. "Nakupenda, sikufichi. Ungekuwa umenidanganya peke yako ningekulaumu mwaka mmoja, kisha ningekusamehe. Lakini tulifanya wote wawili. Nani atamsamehe mwenzake?"

Mimi sidhani kama jibu lipo.

Shangazi, yule dada mkubwa wa marehemu, miguu haikumwezesha kuja kuzika, hivyo mshonaji alikuwa akimpelekea mfuko wa nguo za kaka yake. Fundi aliomba kumsindikiza, akakataliwa kwa upole. Basi akasimama kwenye mlango wa lori, akamwelekeza namna mafundi wanavyoelekeza.

"Ukipanda mlima mrefu, zima kiyoyozi kidogo. Injini ile haikuzoea mzigo huu. Na ukifika, unipigie."

"Sitakupigia, mpenzi wangu."

Alimgusa shavu, akafunga mlango, akaondoka. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Fundi alirudi kwenye kazi iliyofuata, gari la mtu mwingine, simu ameiweka juu ya boneti. Saa nane mchana alijua kwamba sasa amefika, kwamba shangazi amefunguliwa ule mfuko wa nguo na analia. Simu haikulia. Naye hakuipiga, ingawa namba ile aliijua kichwani, na bado anaijua hadi leo.